Sauti za Kapkatet: uchambuzi wa rekodi za 1950 zilizorudi kwa wenyewe

Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis ambayo leo iko kaunti ya Kericho, akiwa na mitambo ya kurekodia garini. Mwingereza huyu, aliyezaliwa Devon mwaka 1903, alikuwa na miaka mingi akikusanya muziki wa kusini na kati ya Afrika. Miongoni mwa nyimbo alizoondoka nazo ni tatu zenye jina moja, Chemirocha, zinazotofautishwa kwa nambari tu. Mbili za kwanza waliimba wanaume. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyosafiri mbali kuliko zote, imeandikwa kuwa ya Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis, wakisindikizwa na chepkong, kinubi cha nyuzi chenye bakuli lililowambwa ngozi. Kwa maelezo ya Tracey, huyo Chemirocha anayeimbwa humo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika vijijini kwa gramafoni.

Mwaka 2014 taasisi aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, International Library of African Music, maarufu kama ILAM, ilizirudisha rekodi hizo Kenya. Ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla Music ya London, kupitia mradi wao wa Singing Wells. Kuna waliorekodiwa mwaka 1950 ambao walikutwa wangali hai, wakiwa wazee sana. Walikabidhiwa nakala za nyimbo zao, na wengi walikuwa hawajawahi kuzisikia tangu siku zilipochukuliwa.

Kisa hiki husimuliwa kwa furaha, na furaha hiyo ni ya haki. Ila kwa vikundi vya wenyeji vyenye masanduku ya kaseti na tepu za wazee wao, funzo kubwa liko kwingine. Sauti ya Kapkatet ilinusurika vizuri mno. Kilichopungua ni maelezo: nani aliimba, alikuwa binti wa nani, wimbo uliimbwa lini na kwa sababu gani, ubeti gani uliachwa. Mashine bora haiwezi kuyarudisha hayo, na watu wanaoyajua huondoka mmoja mmoja. Ndiyo maana tunasema miradi mingi ya namna hii huanzia mwisho: hununua vifaa kwanza, majina yanatafutwa baadaye.

Dakika tatu

Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika hubeba sauti ya dakika tatu hivi. Tracey alifanya kazi kwa msaada wa kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyouza santuri za aina hiyo, na kipimo hicho kilitawala kazi yake. Wimbo ambao kwenye ngoma ungeendelea nusu saa, watu wakipokezana beti na kutaja majina ya waliopo, ulibanwa uingie katika dakika tatu.

Anayesikiliza leo kwa nia ya historia lazima akumbuke hilo kabla ya kuandika kuwa wimbo una beti nne. Una beti nne zilizoingia kwenye santuri. Kinachokatwa kwanza mtu anapoambiwa afupishe ni salamu, majina ya koo, sifa za mwenyeji na vijembe vya siku ile, yaani vile vile ambavyo mtafiti wa historia ya kijiji anavitafuta. Swali la kumuuliza mzee anayeujua wimbo ni hili: je, hapa ndipo unapoishia? Mara nyingi ataendelea kuimba pale rekodi ilipokoma. Kwa hiyo kinasa sauti kiwe kinaendelea kurekodi wakati mnasikiliza.

Kadi

Tracey alikuwa na nidhamu ambayo wengi waliomfuata hawakuwa nayo: kila wimbo ulipata kadi yake. Kadi hizo zinataja lugha, jina la wimbo, waimbaji, mahali, nchi, ala na aina ya wimbo, pamoja na maelezo mafupi. Ndizo zilizozaa orodha kubwa ya mfululizo wake wa santuri zaidi ya 200 uitwao Sound of Africa, iliyochapishwa mwaka 1973. Bila kadi, msafara wa 2014 usingejua uanzie wapi. Jina la kijiji na majina ya watu yaliyoandikwa wakati huo ndiyo yaliyowezesha kuuliza mlango kwa mlango.

Itazame kadi ya Chemirocha ya tatu kwa karibu. Ina jina moja kamili. Baada ya hapo imeandikwa wasichana wa Kipsigis, basi. Kundi zima la sauti, zile zinazoufanya wimbo uwe ulivyo, halina jina hata moja. Maelezo yanasema Chemirocha amegeuzwa kuwa mungu Pan wa mahali hapo, nusu mtu nusu mnyama mwenye miguu ya paa, na kwamba wasichana wanamhimiza acheze kwa kuruka mpaka nguo zimtoke. Pan ni mungu wa Wagiriki. Hakutajwa na wasichana wa Kapkatet. Ametoka katika masomo ya aliyeandika kadi. Picha hiyo ya kiumbe wa ajabu imerudiwa kwa miaka mingi na watu wasiojua neno hata moja la Kikipsigis, na imekuwa kama ndiyo maana ya wimbo.

Hatusemi Tracey alidanganya. Alifikisha alichofafanuliwa kupitia mkalimani, kwa haraka, akiwa na nyimbo nyingine zinazosubiri. Lakini kadi yenu iwe na sehemu mbili zisizochanganyika: maneno ya mwimbaji mwenyewe katika lugha yake, na tafsiri au maoni ya anayeandika, yakiwa na jina la huyo aliyeandika na tarehe. Maoni yakikosewa, watakaokuja baadaye watayasahihisha bila kuigusa sehemu ya kwanza.

Kasi ya tepu

Kuna jambo moja la kiufundi linalosumbua rekodi nyingi za zamani za nyanjani, na linaeleweka vizuri ukifikiria jenereta. Mota ya mashine nyingi za tepu za wakati huo ilizunguka kwa kufuata mapigo ya umeme, ambayo yanatakiwa yawe 50 kwa sekunde. Jenereta ya petroli haishiki 50 kwa uaminifu. Ikipungua pigo moja tu, tepu itapita polepole kwa asilimia 2, na rekodi ikija kuchezwa kwa kasi sahihi sauti itapanda karibu thuluthi moja ya nusu-toni, yaani ya hatua iliyo kati ya vibonyezo viwili vinavyofuatana vya piano. Mapigo yakipungua matatu, sauti inapanda nusu-toni nzima. Wasichana wanasikika wadogo kuliko umri wao, na chepkong inaonekana imekazwa kwa namna ambayo mpigaji wake hakuikaza.

Tracey alizoea kupima ala kwa uma za chuma zinazolia kwa sauti inayojulikana, na kuandika vipimo. Hiyo ni hazina, kwa sababu anayeihamisha tepu leo anaweza kulinganisha sauti inayotoka na kipimo kilichoandikwa, kisha akarekebisha kasi. Kwenye sanduku la nyumbani hakuna vipimo hivyo, lakini vipo vitu vingine vya kulinganisha: mlio wa saa ya redio, harimoniamu ya kanisa ambayo bado ipo, au mvumo wa umeme wenyewe uliojipenyeza kwenye rekodi, ambao unapaswa kusikika kwenye 50 au 100. Kinasa sauti cha betri kina ugonjwa wake: betri ikiisha nguvu, tepu hupunguza mwendo hatua kwa hatua, kwa hiyo ikichezwa leo msemaji anaanza na sauti ya kawaida na kumaliza akiwa na sauti nyembamba ya kukimbia. Hapo urekebishaji unafanywa kwenye nakala, si kwenye faili mama, yaani ile ya kwanza iliyotoka kwenye tepu bila kuguswa.

Kwa nini sauti ilinusurika

Rekodi za Kapkatet zilipona kwa sababu zilikuwa na nakala nyingi mahali pengi. Zilitolewa kwenye santuri, zikasambaa katika vyuo na maktaba za nchi mbalimbali, na asili yake ikatunzwa na taasisi moja ambayo mwaka 1978, baada ya kifo cha Tracey, ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes. Santuri iliyokandamizwa kwenye plastiki ngumu ni chombo kivumilivu. Ikikwaruzwa inatoa mlio mbaya, lakini wimbo bado upo.

Kaseti ya harusi ya mwaka 1983 iliyoko kabatini Kericho, Lamu au Songea haina bahati hiyo. Ni moja tu duniani. Utepe wake una upana wa milimita 3.81, umepakwa poda ya sumaku iliyoshikizwa kwa gundi, na gundi hiyo inanyonya unyevu wa hewa. Kaseti ya dakika 60 ina utepe wenye unene wa maikromita 18 hivi. Ya dakika 90 ni 12. Ya dakika 120 ni 9, na hiyo hunasa na kukatika kirahisi. Watu walipenda za 120 kwa sababu hotuba nzima iliingia bila kugeuza. Zipewe nafasi ya kwanza kwenye foleni.

Kuhamisha kaseti bila kuiumiza

Kabla ya jambo lolote, vunjeni vile vipande viwili vidogo vya plastiki nyuma ya kaseti. Vikiwa havipo, mashine haiwezi kurekodi juu ya kilichopo. Kidole kilichobonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya kimefuta mengi.

Kisha tazameni kupitia kidirisha. Poda nyeupe au utando kama buibui kwenye utepe ni kuvu. Kaseti hiyo isiwekwe kwenye mashine, maana vumbi la kuvu litabaki kwenye kichwa cha kusomea na kuambukiza zote zinazofuata. Itengwe kwenye mfuko wa karatasi, ikaushwe mahali penye hewa kavu, na anayeifuta kwa brashi laini avae barakoa. Angalieni pia kile kipande kidogo cha sufi kinachousukuma utepe uguse kichwa cha mashine. Gundi yake hukauka na kipande hudondoka. Matokeo yake sauti inakuwa ya kuzibika, inaingia na kutoka. Wengi hudhani tepu imekufa, kumbe dawa yake ni kuhamishia utepe kwenye kasha lingine zima lenye skrubu tano. Makasha ya zamani yaliyogandishwa bila skrubu inabidi yapasuliwe kwenye mshono kwa uangalifu.

Mashine ifaayo ni deki ya kaseti ya mezani yenye matundu ya kutolea sauti nyuma. Radio kaseti ndogo ya sokoni kasi yake haitulii. Kichwa na nguzo ya chuma inayovuta utepe visafishwe kwa alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, kwa pamba ya kijiti, kila baada ya kaseti tano mpaka kumi. Gurudumu la mpira lisipakwe alkoholi hiyo mara kwa mara, kwani hukausha mpira. Maji yenye sabuni kidogo yanatosha.

Hatua inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko kifaa chochote cha bei, ni kulinganisha kichwa cha kusomea. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu ndogo yenye springi. Kila kaseti ilirekodiwa kwenye mashine yake, na kichwa cha mashine hiyo kilikuwa kimeinama kidogo kwa namna yake. Unganisheni pande mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia, ziwe moja, chezeni sehemu yenye mtu anayezungumza, kisha zungusheni skrubu taratibu, robo ya mzunguko kwa kila upande. Kuna mahali ambapo herufi s na sh zinafunguka ghafla na maneno yanasikika wazi. Hapo ndipo. Ukipita, sauti inajizika tena. Dakika mbili za kazi hiyo zinaweza kulitoa jina la mtu ambalo lilikuwa halisikiki.

Kitufe cha Dolby, mfumo wa kupunguza kelele za tepu, kizimwe isipokuwa kaseti imeandikwa kuwa ilirekodiwa nayo. Kompyuta ya mkononi itolewe kwenye chaja wakati wa kuhamisha, la sivyo mvumo wa umeme utaingia kwenye faili. Kiwango cha sauti kiwekwe ili vilele vifike kati ya desibeli -10 na -6. Kikigonga sifuri, kilichokatika hakirudi. Faili mama iwe WAV ya biti 24, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde au 96,000 mkiwa na nafasi. Saa moja ya sauti ya pande mbili kwa 48,000 huchukua takriban gigabaiti 1. Kwa 96,000, takriban 2. Msisafishe kelele kwenye faili mama. Programu za kuondoa mvumo hula pia pumzi, vigelegele vya mbali na mvua ya bati, na siku moja mtu atataka kujua kama siku ile mvua ilinyesha.

Kuhusu tepu za reli, yaani zile zinazozungushwa kwenye gurudumu la wazi bila kasha, neno moja la tahadhari. Za miaka ya 1950 nyingi ni za asetati: ukiinua reli mbele ya mwanga, mwanga unapenya kati ya mizunguko, na ikianza kuoza inanuka siki. Za miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi ni za poliesta, na baadhi yake gundi imelainika mpaka tepu inalia na kushika mashine. Hizo za kunata hupashwa joto la nyuzi 50 hadi 54 kwa saa nane au zaidi kwenye kikaushio kinachodhibitiwa, ndipo zichezeke kwa muda. Tepu ya asetati ikipashwa hivyo inaharibika moja kwa moja. Kama hamna uhakika ni ipi, msipashe. Mpelekeeni fundi wa hifadhi.

Pigeni hesabu ya muda mapema. Kaseti 100 za dakika 90 ni saa 150 za kucheza tu, maana hakuna njia salama ya kuharakisha. Ukiongeza ukaguzi, kusafisha, kutaja faili na kuandika kadi, panga mara tatu: saa 450, sawa na siku 75 za mtu mmoja anayefanya kazi saa sita. Kikundi kinachoahidi kumaliza mwezi mmoja kitaacha kadi tupu.

Kikao cha kusikiliza

Hapa ndipo kisa cha Kapkatet kinapotufaa zaidi. Waliorudisha rekodi mwaka 2014 walifika na nakala mikononi, wakakaa na watu, wakacheza nyimbo hadharani. Miaka 64 ilikuwa imepita. Kama ingekuwa 34, wasichana wa kwaya wangekuwa mama wa makamo na kila mmoja angewataja wenzake waliosimama kushoto na kulia kwake.

Msingoje kaseti zote zihamishwe. Zikipatikana tano, iteni wazee. Wawe watatu hadi sita. Mzee mmoja peke yake hukwama kwenye jina, na wakiwa ishirini anayesikika ni mwenye sauti kubwa. Wanawake wapewe kikao chao pia, hasa kwa nyimbo za kulea, za harusi na za misiba. Spika iwe ya kutosha kwa masikio yaliyochoka, isiwe simu iliyoshikwa mkononi. Rekodi ichezwe yote mara ya kwanza bila kukatizwa, hata watu wakilia. Mara ya pili ndipo isimamishwe kila baada ya nusu dakika na kuuliza: huyu ni nani, yuko wapi siku hizi, wakati huu chifu alikuwa nani, mwaka ule njaa ilikuwa imekuja au bado? Matukio hupanga tarehe vizuri kuliko kumuuliza mtu mwaka. Kinasa sauti cha kikao kianze kwa kila mmoja kutaja jina lake na la mzazi wake, ili kikao chenyewe kisije kuwa rekodi nyingine isiyo na majina.

Mzee akikana jambo ambalo mwenzake amesema, yaandikwe yote mawili.

Ni ya nani

Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, haki ya rekodi ya sauti hudumu miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Kwa hesabu hiyo, rekodi ya 1950 iliisha muda mwaka 2000. Lakini wimbo wenyewe, kama mali ya jamii, unalindwa kwa njia nyingine: mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotambua jamii kuwa ndiyo yenye kutoa ruhusa. Anayedhani kuwa santuri kongwe ni ya bure kwa kila mtu anaangalia nusu moja ya jambo.

Ruhusa iandikwe kwa ngazi. Baadhi ya rekodi zinaweza kwenda redioni na mtandaoni. Baadhi ni za familia tu. Nyimbo za tohara na mafunzo ya jando na unyago zina watu wanaostahili kuzisikia na wasiostahili, na aliyerekodi zamani huenda hakuuliza. Kaseti ya namna hiyo ihamishwe na mtu anayeruhusiwa kuisikia, faili iwekwe nywila, na kadi iseme waziwazi ni nani wa kuombwa. Ugomvi wa ardhi uliorekodiwa kwenye baraza la wazee nao una wajukuu walio hai pande zote mbili. Usiwekwe hadharani kabla pande hizo hazijausikiliza.

Nakala za mwaka 2014 zilikuwa kwenye CD, chombo ambacho leo nyumba nyingi hazina pa kukichezea. Kwa sasa mpe kila familia faili ya MP3: kwa kilobiti 128, dakika moja haifiki megabaiti moja, na wimbo wa dakika tatu unapita kwenye simu yoyote. Faili mama zikae kwenye diski mbili tofauti, moja kijijini na nyingine mji mwingine, na nakala ya tatu kwenye maktaba au hifadhi ya taasisi iliyosaini masharti ya ngazi zile. Kila faili ipewe alama ya uhakiki ya MD5 siku inapozaliwa, na mara moja kwa mwaka alama hizo zilinganishwe upya kwenye diski zote. Isiyolingana inabadilishwa kwa nakala nzima. Diski ikifikisha miaka mitano inunuliwe nyingine hata kama bado inafanya kazi. Kaseti zenyewe zisitupwe. Zisimamishwe wima ndani ya makasha yake, mbali na ukuta unaopigwa jua na mbali na spika, kila moja ikiwa na nambari ile ile iliyo kwenye kadi na kwenye faili.